Kupika moshi wa lami maabara, na yale yanayotoroka kwenye filta

Saa moja na nusu asubuhi chungu kinakuwa bado kimya. Ndani kuna lami kama kilo moja hivi, nyeusi tii, imeganda na kulala kama kioo, ukiinama unauona uso wako. Nafungua feni ya kabati la kufyonzea hewa, nasikiliza mpaka mvumo wake ukae sawa, ndo nawasha heta. Sina haraka. Kwenye nyuzi 60 hivi lami inaanza kulegea pembeni, inaachana na ukuta wa chungu, ikivuka 100 mwiko wa mota unaweza kuzunguka bila kukwama, alafu nazima taa za chumba, namulika tochi kwa ubavu, na karibu na nyuzi 140 unauona uzi mwembamba wa bluu unainuka katikati ya chungu, unapinda, unavutwa na hewa, unaingia kwenye mrija. Ni wa bluu kwa sababu vitone vyake ni vidogo kupita kiasi, vingi havifiki hata maikromita moja, na vitone vya saizi hiyo vinatawanya mwanga wa bluu zaidi kuliko rangi nyingine.

Huo uzi ndo kazi yangu. Natengeneza moshi wa lami kwa makusudi, napima, nautupa kwa njia salama, kesho yake natengeneza tena. Watu wengi nikiwaambia wanauliza swali moja, kwamba si uende tu barabarani ukapime huko, moshi umejaa bure? Swali zuri na nataka kulijibu kwa kirefu maana jibu lake limenichukua muda kulielewa vizuri, na katikati kuna kosa nililolifanya ambalo naona kila mtu anayepima hewa ya kazini anapaswa kulijua.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema lami hapa namaanisha ile gundi nyeusi yenyewe, bitumini, masalia mazito yanayobaki chini mafuta ghafi yakishachujwa petroli, dizeli na vingine vyote. Sio ule mchanganyiko wa kokoto na gundi unaotandazwa barabarani ingawa wote tunauita lami. Na sio lami ya makaa ya mawe, ile ni kitu kingine kabisa, ina kemikali za jamii ya PAH, zile za pete za kaboni ambazo baadhi yake zinasababisha saratani, kwa wingi mkubwa sana ukilinganisha na bitumini, na kuchanganya hizi mbili kumeleta vurugu nyingi kwenye maandishi ya zamani ya afya kazini, unasoma utafiti wa mafundi wa mapaa wa enzi hizo hujui walikuwa wanavuta ipi, au walivuta zote.

Sasa moshi wenyewe. Lami ikichemka haitoi moshi kama kuni zinavyotoa, hakuna kinachoungua. Kinachotokea ni kwamba sehemu zake nyepesi kidogo zinapaa kama mvuke, mvuke unakutana na hewa baridi juu ya chungu, unapoa, sehemu yake inagandamana na kuwa vitone vya mafuta. Kwahiyo kile unachokiona ni vitone, na kile usichokiona ni mvuke ambao haujagandamana, na hivi viwili vinabadilishana muda wote, kitone kinaweza kurudi kuwa mvuke na mvuke ukarudi kuwa kitone, inategemea joto na inategemea hewa inayopita imebeba kiasi gani tayari. Nakuomba ukishike hiki kitu kwa sababu kosa langu lote limelala hapo.

Kwanini mtu ahangaike? Kwa sababu kuna watu wanavuta huu moshi siku nzima, mwaka mzima, maisha yao yote ya kazi. Shirika la utafiti wa saratani, IARC, lilikaa na hili suala mwaka 2011 na likachapisha kitabu chake cha 103 mwaka 2013: kazi ya kuezeka mapaa kwa lami iliyopulizwa hewa ikiwa ya moto wakaiweka kundi 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa inasababisha saratani, na kazi ya kutandaza lami barabarani wakaiweka 2B, yaani huenda. Zaidi ya hapo kuna macho kuwasha, koo, kikohozi, ambayo mfanyakazi yeyote wa lami atakuhadithia bila kusoma kitabu. Ili umlinde mtu lazima ujue anavuta kiasi gani, na ili ujue kiasi gani unamfunga pampu ndogo mkandani na kichwa cha kunasia karibu na kola ya shati, jioni unachukua filta unaenda kupima.

Shida inaanza hapo kwenye filta. Ukipata namba, unajuaje kama ni ya kweli? Barabarani hakuna majibu nyuma ya kitabu. Upepo unageuka, injini za mashine zinatoa moshi wao wa dizeli, vumbi la kokoto linaingia, mtu anageuka mgongo, huwezi kuweka vichwa viwili vya aina tofauti kwenye mabega mawili ya mtu mmoja alafu ukadai vimeonja hewa ileile. Maabara naweza kutengeneza hewa moja, nikaiingiza kwenye chemba moja, nikapachika vichwa sita kwenye mduara, na kama vinatofautiana najua tofauti ni ya vichwa. Ndo maana tunapika.

Na kupika kwenyewe ni kazi ya mtu mvumilivu. Kitu kinachotawala kila kitu ni joto. Wanaofanya hii kazi wana kanuni moja ya mkono iliyotokana na vipimo vya miaka mingi, kwamba moshi unaongezeka mara mbili kila joto likipanda nyuzi 11 hadi 12 na nusu hivi. Fanya hesabu: kutoka nyuzi 140 kwenda 176 ni hatua tatu za nyuzi 12, mbili mara mbili mara mbili, mara nane. Mara nane kwa nyuzi 36! Hii ndo sababu barabarani wanaopunguza joto la mchanganyiko wanawafanyia watu wao jambo kubwa kuliko wanavyofikiri, na hii ndo sababu mimi maabara sensa ya joto ikiwa imekaa vibaya, tuseme imegusa ukuta wa chungu badala ya kuwa ndani ya lami na inanidanganya kwa nyuzi 3 tu, moshi wangu unakosea karibu asilimia 19 na nitamlaumu bure mtengeneza kaseti, kile kisanduku kidogo kinachoshika filta. Siku hizi naweka sensa mbili, moja chini moja karibu na uso wa lami, zikitofautiana sana sianzi.

Alafu uso. Lami ukiiacha imetulia inafanya ngozi juu, vile vyepesi vya pale juu vimeshaondoka na vya chini havijafika, moshi unapungua wenyewe wakati joto halijabadilika. Unakoroga. Ukikoroga kwa kasi zaidi uso unajiviringisha upya haraka zaidi na moshi unaongezeka, kwahiyo kasi ya mwiko nayo inabidi iandikwe na isiguswe. Na hata ukikoroga vizuri, chungu ni chungu, kilo moja ya lami ina kiasi fulani tu cha vitu vyepesi, saa ya kwanza sio sawa na saa ya nne, moshi wa mchana ni mzito zaidi kwa tabia kuliko wa asubuhi kwa sababu vyepesi vimeshaondoka. Ndo maana kwa kazi ndefu ni bora lami mbichi iwe inaingia taratibu huku ya zamani inatoka, chungu kisizeeke. Tulihamia huko baada ya kuchoka kutupa data za mchana.

Hewa inayopita juu ya chungu nayo lazima iwe safi na kavu, imepita kwenye mkaa maalum wa kunasa harufu na kwenye filta nzuri. Kuna wanaotumia naitrojeni ili lami isioksidike, mimi natumia hewa kwa sababu barabarani hakuna naitrojeni tupu. Na maji, tafadhali, maji yasikaribie. Kuna siku tulifungua kopo la lami lililokuwa limehifadhiwa vibaya, lilikuwa na unyevu ndani hatukuuona, na ilipovuka nyuzi 100 lami ikaanza kupanda kama maziwa, povu jeusi, ikamwagika nje ya chungu mpaka kwenye heta. Hakuna aliyeumia kwa sababu kioo cha kabati kilikuwa chini na mikono yetu ilikuwa nje. Tangu hapo kila kopo jipya linakaa kwanza kwenye joto dogo muda mrefu mpaka liache kutoa vipovu. Na kama hii kitu itakurukia kwenye ngozi, maji baridi mengi, muda mrefu, usiibandue, iache imeng'ang'ania mpaka daktari aione, ukiibandua inaondoka na ngozi.

Mrija wa kutoka chunguni kwenda kwenye chemba ulinifundisha somo la peke yake. Mwanzoni ulikuwa mrefu kama urefu wa mkono na haukuwa na joto. Namba zilikuwa ndogo kuliko hesabu, nikahangaika na pampu, nikahangaika na mizani, mpaka siku moja nikaufungua mrija kuusafisha nikapitisha kitambaa cheupe ndani na kikatoka na mafuta ya rangi ya asali iliyoiva. Moshi ulikuwa unabaki njiani. Tukaufupisha, tukauzungushia waya wa joto ili usipoe kabla ya kufika, na tukaacha upoe ndani ya chemba kwa kuchanganywa na hewa baridi kama vile unavyopoa juu ya barabara. Hili la mwisho nalo ni muhimu kwa sababu namna moshi unavyopozwa ndo inaamua vitone viwe vya saizi gani na mvuke ubaki kiasi gani, ukiupoza ghafla unapata kitu kingine, ukiupoza polepole unapata kingine.

Basi baada ya kama mwaka mmoja wa hayo yote tulikuwa na mtambo ambao mimi niliuona ni mzuri sana. Kipima vitone cha mwanga kilichokuwa kwenye chemba kilichora mstari ulionyooka, saa nne, saa sita, saa nane umenyooka tu. Vichwa sita, ukivihamisha nafasi, vinatoa namba zinazokaribiana. Tukajaribu kaseti ya kawaida, ile ya milimita 37 yenye filta ya Teflon ya matundu ya maikromita 2, ile ambayo njia namba 5042 ya NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaitumia, na tukaweka pembeni yake kichwa chenye filta na nyuma yake mrija wa XAD-2, zile punje za resini zinazonasa mvuke. Matokeo yalikuwa mazuri kwa kaseti, kwa upande wa vitone kaseti ilishika vizuri. Nikaandika ripoti. Niliiamini.

Miezi michache baadaye nikaenda kwenye eneo la kazi kushuhudia upimaji. Nilikuwa nimeshaona barabara zikitengenezwa kama kila mtu, lakini sijawahi kusimama pale kutwa nzima nikiwa na kazi moja tu ya kuangalia. Kulikuwa na mzee mmoja wa reki, yule anayesawazisha kwa mkono pembeni mashine isipofika, ndiye tuliyemfunga pampu. Nilimwamkia, nikamwonyesha kichwa cha kunasia, akakishika kolani akauliza:

"Mwanangu, hiki kinavuta kama mimi ninavyovuta?"

"Kinavuta mfululizo, mzee. Lita mbili kila dakika."

"Hata tukikaa?"

"Hata mkikaa."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu ambalo halikumridhisha akaenda kazini, na mimi sikuelewa alichokuwa anauliza mpaka saa nne. Tipa la kwanza lilimwaga, mashine ikatandaza, moshi ukainuka ule wa bluu niliouzoea, yeye yuko ndani yake ameinama na reki, kama dakika 15 au 20. Alafu mchanganyiko ukaisha. Tipa la pili halijafika. Wakakaa kwenye kivuli cha rola. Nusu saa, zaidi. Upepo safi unapita. Pampu mkandani inanguruma, inavuta hewa safi. Tipa likaja, moshi tena. Likaondoka, wakakaa tena. Siku nzima ilikuwa hivyo, moshi, hewa safi, moshi, hewa safi, na mimi nimesimama pale nikaanza kuhisi kama tumbo linashuka, kwa sababu nilikumbuka mstari wangu ulionyooka.

Fikiria kitone cha mafuta kilichotua kwenye filta saa tatu asubuhi. Wakati moshi unaendelea kupita, hewa inayopita imejaa mvuke wa aina yake, kitone hakina haja ya kutoa chochote, kinakaa. Moshi ukikata, hewa inayopita haina kitu, na kile kitone kinaanza kurudi kuwa mvuke kidogo kidogo, kinapita kwenye matundu ya filta, kinapita kwenye pampu, kinarudi angani. Lita mbili kila dakika, nusu saa ni lita 60 za hewa safi zinazoifua ile filta. Jua likiwa linawaka kaseti ina joto, inakuwa haraka zaidi. Mwisho wa siku unapima filta, unaandika namba, na namba hiyo sio kile mzee alichovuta, ni kile kilichokataa kuondoka.

Mtambo wangu usingeweza kuliona hilo kamwe, kwa sababu niliujenga usitikisike. Nilitumia mwaka mzima kuondoa kitu ambacho ndo hali yenyewe ya kazi ya lami. Barabara haina mstari ulionyooka, ina vilima na mabonde, na mabonde ndo yanayoiba.

Niliporudi nikafanya jaribio ambalo ni jepesi mpaka nikaumia kwamba sikulifanya mwanzoni. Nikanasa moshi kwenye filta kwa saa moja kwenye nyuzi 160. Nikazitoa filta, nikaziacha zitulie kwenye chumba cha mizani, nikazipima. Kisha nikazirudisha kwenye kaseti zilezile, sio kwenye chemba ya moshi, kwenye hewa safi tu, nikawasha pampu saa moja nyingine, nikapima tena. Nikarudia. Kila nikirudi kwenye mizani namba ilikuwa imeshuka, nyingi saa ya kwanza, kidogo zaidi saa ya pili, mpaka inabaki ile sehemu nzito tu isiyotaka kuondoka. Filta ulikuwa unaweza kuiona kwa macho, ile rangi ya kahawia hafifu inabaki lakini ule mng'ao wa mafuta ukiielekeza kwenye taa umekufa. Vile vichwa vyenye XAD-2 nyuma, kilichopungua kwenye filta nikakikuta kwenye resini. Hakijapotea, kimehama chumba tu.

Nikasahihisha ripoti. Nikawaandikia wote niliokuwa nimewatumia ile ya kwanza, nikaeleza kwamba hitimisho lile linasimama kwa moshi usiokatika tu na barabarani moshi unakatika. Haikuwa barua rahisi kuandika na nashukuru niliandika.

Hii inagusa mpaka namba za vikomo zenyewe, na hapa naomba mtu wa usalama kazini asome taratibu. NIOSH ya Marekani tangu 1977 inapendekeza kisizidi miligramu 5 kwa mita ya ujazo kwa dakika 15, na wanahesabu chembe zote. ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini hukohuko Marekani, wao wanasema miligramu 0.5 kwa siku ya saa 8, lakini wanahesabu tu ile sehemu ya chembe inayoyeyuka kwenye benzini, ili vumbi la kokoto lisiingie kwenye hesabu. Ujerumani wana 1.5, lakini kwao ni vitone na mvuke kwa pamoja, wananasa kwa filta na XAD-2 kisha wanasoma kwa mwanga wa infraredi. Sasa mtu anachukua hizi namba tatu anaziweka kwenye jedwali moja anasema huyu mkali yule mlegevu. Hapana. Ni vitu vitatu tofauti vilivyopewa jina moja. Moshi uleule, saa ileile, bega lilelile, utakupa namba tatu zisizofanana na zote ni sahihi kwa njia yake. Nilishawahi kuona mtu analinganisha matokeo ya nchi mbili na kusifu upande mmoja, na tofauti yote ilikuwa mvuke ambao upande mmoja hawakuunasa.

Na uzito wenyewe tunaouzungumzia ni mdogo sana. Chukua kikomo cha 0.5, pampu ya lita 2 kwa dakika, saa 8 ni dakika 480, lita 960, karibu mita moja ya ujazo. Kwahiyo mtu aliyefika kabisa kwenye kikomo anakuletea filta yenye miligramu 0.48, chini ya nusu miligramu. Kwa dakika 15 ni maikrogramu 15. Alama ya kidole chako ikigusa filta inaharibu habari yote, unyevu wa chumba ukibadilika inaharibu, umeme tuli unaifanya mizani icheze. Kwa kiasi kidogo hivyo, mvuke unaotoroka wakati watu wanasubiri tipa sio jambo la kupuuzwa pembeni ya ukurasa.

Benzini yenyewe naichukia, niseme wazi. Tunapima kitu tunachoshuku kwa kutumia kiyeyusho ambacho hakuna shaka kwamba kinasababisha saratani ya damu. Natamani kiondolewe kwenye njia zote, wenzetu wengi wameshahamia viyeyusho vingine, ingawa ukibadilisha kiyeyusho unabadilisha kinachoyeyuka na namba za miaka 30 iliyopita hazilingani tena na za leo. Nafahamu hoja hiyo na bado nasema waondoe.

Kuna upande mwingine wa kupika moshi ambao umezua mabishano makubwa kuliko haya yangu, wa wanaotaka moshi kwa ajili ya kupima madhara kwa wanyama. Marekani kwenye miaka ya 80 walitengeneza moshi wa lami ya mapaa maabara kwenye nyuzi 232 na nyuzi 316, wakaugandamiza, wakaupaka kwenye ngozi za panya, na uvimbe ukatokea. Utafiti wa maana sana. Lakini NIOSH wenyewe walipopitia ushahidi wote mwaka 2000 wakakiri kwamba moshi uliopikwa maabara unaweza usifanane kikemia na ule wa eneo la kazi. Taasisi ya utafiti ya Fraunhofer kule Hannover, Ujerumani, walipofanya utafiti wa panya kuvuta moshi kwa miaka miwili, uliotoka 2007, walienda njia tofauti, walichukua moshi ulioganda kutoka juu ya matanki ya lami ya moto, wakaupasha tena ukawa mvuke na vitone, panya wakavuta, na hawakuona ongezeko la saratani ya mapafu. Unaona hapo? Kabla hujabishana kuhusu panya inabidi ubishane kuhusu chungu. Joto gani, lami gani, ilikorogwa, ilipozwa vipi. Mimi nikisoma makala ya moshi wa lami siku hizi naanza na ukurasa wa namna walivyopika, nikikuta sentensi mbili tu basi naweka chini.

Kwa hiyo sasa mtambo wetu unakatika. Tumeweka vali inayogeuza, dakika 20 moshi unaingia kwenye chemba, dakika 40 hewa safi, inarudia siku nzima. Chungu chenyewe hakizimwi, moshi wake wakati wa mapumziko unapelekwa moja kwa moja kwenye mkaa wa kusafishia, la sivyo ukiwasha na kuzima heta lami inachanganyikiwa. Kile kipima vitone sasa kinachora meno kama ya msumeno, na nimekibandika ukutani kando ya ule mstari wa zamani ulionyooka. Tunajaribu vichwa vyote upya. Filta peke yake, filta na resini, filta iliyofunikwa na jua na isiyofunikwa, kaseti iliyobaki mkandani nusu saa baada ya kazi kuisha kwa sababu fundi alisahau kuizima. Hilo la mwisho linatokea kila siku na halimo kwenye maelekezo ya mtu yeyote niliyemsoma.

Yule mzee nilirudi kwake baadaye na ripoti yake, maana nilimwahidi. Nilimweleza kwamba namba ya siku ile ni ndogo kuliko alichovuta, na nikamwambia sababu, nikamwonyesha na filta nyeupe na iliyotumika ili aone. Akaishika kwa ncha za vidole, akainusa.

"Sasa hii ndo ya siku nzima?"

"Ndo iliyobaki, mzee. Nyingine iliondoka mkiwa mmekaa."

"Ndo nilichokuuliza siku ile."

Wiki ijayo tunaanza awamu ya nyuzi 145, na safari hii dakika za hewa safi hatuzipangi sisi, tunachukua muda halisi wa kusubiri tipa tulioandika pale kivulini.